Baba hataki kubadili chochote. Je, nimwache alivyo?

"Baba yangu ana miaka 71. Karakana ya familia aliirithi kwa baba yake, na mpaka leo anaiendesha vilevile alivyoikuta. Hesabu zote zimo kwenye madaftari anayoyaelewa yeye peke yake, na wadeni anao kichwani. Dada yangu mkubwa amefanya kazi pale miaka mingi na anaijua kazi kuliko sisi sote, lakini baba anasema karakana itashikwa na kaka yetu mdogo, ambaye hata haitaki, kwa sababu kwetu anayeshika ni mtoto wa kiume, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwaka jana daktari alimkuta na shinikizo la damu akampa vidonge. Vidonge vimo kabatini, yeye anakunywa mitishamba aliyoachiwa na babu. Nimemweleza kwa hoja, nimemwonyesha video, nimemletea watu wa kumshauri. Kadiri ninavyomweleza ndivyo anavyokaza. Kaka anasema samaki hukunjwa angali mbichi, tumwache. Mwezi ujao tuna kikao cha familia na nimejiandaa kuyamaliza yote siku hiyo. Je, mtu wa namna hii anaweza kubadilika? Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, barua yako ina mambo matatu: madaftari, nani ashike karakana, na vidonge. Kwa kuwa yote yanakataliwa na mtu mmoja, tena kwa maneno yaleyale, ni rahisi kuyaona kuwa ni tatizo moja linaloitwa ukaidi wa baba. Mimi nayaona matatu, kila moja na uzito wake. Na chini yake nasikia hofu ambayo hukuitaja waziwazi: kwamba siku moja baba ataondoka ghafla, aondoke na hesabu, na wadeni, na amani kati yenu. Ni hofu ya haki kabisa. Ila ndiyo inayokufanya uende mbio, na mbio zako ndizo anazozikazia.

Nianze na huyo samaki wa kaka yako. Methali ile ni ya walezi wa watoto, na huko ni ya kweli. Wazee ni habari nyingine. Ni kweli kwamba, kwa wastani, hamu ya kujaribu mapya hupungua uzeeni, lakini misimamo haigandi. Mwaka 2007 wanasosholojia watatu, Danigelis, Hardy na Cutler, walichapisha uchambuzi wa maoni ya Wamarekani yaliyokusanywa kati ya 1972 na 2004. Walikuta kwamba watu wa miaka 60 na kuendelea nao walikuwa wamebadilika, mara nyingi kuelekea kuvumilia zaidi, na katika mambo kadhaa walibadilika kuliko vijana. Kwa hiyo ndiyo, mtu wa miaka 71 anaweza kubadilika. Kinachobadilika sana na umri ni sababu zinazomgusa. Mwanasaikolojia Laura Carstensen ameonyesha kwa utafiti wa miaka mingi kwamba mtu anapouona muda uliobaki kuwa mfupi, huacha kukimbilia jambo kwa sababu tu ni jipya, akageukia watu wake wa karibu na yale yenye maana kwake. Ukimwambia baba "siku hizi watu wote wanafanya hivi", umempa sababu iliyokwisha nguvu kwake. Ukimwambia "nisingependa tuje kugombana baada yako", hilo atalisikia, hata kama hatakujibu siku hiyo.

Dhana ya pili inayokuumiza ni kwamba baba hajaelewa, na kwamba akieleweshwa vizuri atakubali. Ndiyo maana ya zile video. Lakini kung'ang'ania ya zamani hakutokani na kukosa elimu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Katika wodi yake, mwezi wa Aprili mwaka huo, takriban wanawake 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Kufikia Juni walikuwa kama wawili. Madaktari wengi wakubwa wa Ulaya, wasomi wa kiwango cha juu cha zama zao, waliyaona matokeo hayo na bado wakakataa. Kukubali kulikuwa na maana moja isiyovumilika: kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiua. Na Semmelweis, kwa uchungu wake, miaka ya baadaye aliandika barua za wazi akiwaita wauaji. Alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, lakini barua zile hazikumwongezea wafuasi. Alifariki mwaka 1865 akiwa ametengwa, kabla kazi yake haijapewa heshima iliyostahili.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha pale kizuizi kilipo. Mtu anapokataa badiliko, mara nyingi kuna kitu anachokilinda, na mwenzake hakioni. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba maumivu ya kupoteza huzidi furaha ya kupata kitu cha thamani ileile, na vipimo vingi vya baadaye viliyaweka maumivu hayo karibu mara mbili. Wewe unahesabu faida ambazo familia itapata. Baba anahesabu anachopokonywa. Hesabu zenu hazitakutana mpaka mmoja aione ya mwenzake, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeuliza, nakuomba uanze wewe.

Anapokonywa nini? Siwezi kumsemea mtu nisiyemjua, lakini nitakwambia ninachokutana nacho mara kwa mara kazini kwangu. Kwenye madaftari kuna umahiri wake. Leo hii kila anayetaka kujua jambo la karakana lazima apite kwake. Ukileta kompyuta, kwa alasiri moja unamgeuza fundi mkuu kuwa mwanafunzi wa watoto wake, mbele ya wafanyakazi. Kwenye vidonge kuna mwili: kumeza kidonge kila asubuhi ni kukiri kila asubuhi kwamba wewe ni mgonjwa, na kuacha mitishamba ya babu ni kuachia kitu cha mwisho ambacho baba yake alimwekea mkononi. Na kwenye suala la dada yako nadhani kuna jambo zito kuliko yote. Kama babu alifuata kanuni hiyohiyo, basi wapo shangazi waliowekwa kando. Siku baba atakaposema "binti anaweza kushika", atakuwa amesema pia kwamba wale shangazi waliumizwa bure, na kwamba mtu aliyewaumiza ni baba yake anayempenda. Huenda hajawahi kuliwaza kwa maneno, lakini uzito wake anaubeba.

Juu ya hayo kuna kusukumwa. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuamua unaporwa, hupata msukumo wa kuurudisha, na njia ya karibu ya kuurudisha ni kufanya kinyume cha anachoambiwa. Hii haina umri wala elimu. Hoja, halafu video, halafu washauri: kila kimoja kilikuja na ujumbe uleule, kwamba uamuzi umeshafanyika na kilichobaki ni yeye kukubali. Hapo hata kama hoja yako ya kumi ni ya dhahabu, inaingia kwenye sikio lililokwisha kujifunga.

Kabla ya kukwambia la kufanya, nina ombi ambalo huenda hukulitarajia. Chunguza kwanza kama baba ana haki. Mila nyingi hubeba ujuzi ambao hata mwenye mila hawezi kuueleza. Watu wa Meksiko na Amerika ya Kati, kwa maelfu ya miaka, walichemsha mahindi yao kwa maji ya chokaa au majivu. Mahindi yalipovushwa kwenda Ulaya baada ya 1492, hatua hiyo ilionekana usumbufu, ikaachwa. Baadaye, kila mahali maskini walipoishi kwa mahindi karibu peke yake, uliibuka ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na wengi hufa. Daktari Gaspar Casal aliueleza huko Hispania mwaka 1735, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa ukiua maelfu kusini mwa Marekani. Chokaa ndiyo iliyokuwa ikiifungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya punje, na niasini ilitambuliwa kuwa tiba ya ugonjwa huo mwaka 1937. Ungemuuliza mpishi wa kale kwa nini anatia chokaa, huenda angekujibu kama baba anavyokujibu: ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Na angekuwa sahihi bila kujua sababu.

Kwa hiyo, katika yale madaftari, inawezekana kabisa mna mambo ambayo programu ya hesabu haiyajui: nani hukopa na hulipa baada ya msimu, nani asikopeshwe hata akilia, kwa nini mteja fulani hupunguziwa. Mkiyafuta kwa haraka mtayatafuta baadaye kwa gharama kubwa.

Lakini sitaki uchukue mfano wa mahindi ukauweka juu ya kila kitu. Ipo mila iliyobeba hekima, na ipo iliyobeba tu maslahi ya aliyenufaika nayo. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza nani analipa gharama yake. Madaftari yanaigharimu familia nzima muda na wasiwasi. Vidonge visivyomezwa vinaweza kumgharimu baba mwenyewe uhai. Kanuni ya mtoto wa kiume inalipiwa na dada yako peke yake, na aliyeiweka halipi chochote. Mila ambayo gharama yake yote inabebwa na mtu asiyeulizwa haistahili kuheshimiwa kwa sababu tu ni kongwe. Hata ukongwe wenyewe uchunguzwe. Wanahistoria Eric Hobsbawm na Terence Ranger, mwaka 1983, walikusanya ushahidi kwamba desturi nyingi zinazodhaniwa kuwa za tangu enzi ni za vizazi vichache tu, na nyingine zilitungwa kwa makusudi. Muulize baba kwa upole, siku nyingine kabisa na si kwenye kikao, karakana ilianzaje na nani walifanya kazi humo. "Siku zote" za ukoo, zikisimuliwa kwa kirefu, mara nyingi huwa na bibi mmoja aliyeshika mambo wakati wanaume hawapo.

Sasa njia. Kuna utafiti wa zamani ninaoupenda kwa sababu ulifanyika kiwandani, mahali pa kazi kama pa kwenu. Lester Coch na John French, mwaka 1948, waliandika kuhusu kiwanda cha kushona nguo za kulalia huko Virginia, Marekani, ambako kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa palizuka ugomvi na watu kuacha kazi. Kundi moja liliitwa, likaelezwa badiliko na sababu zake, basi. Uzalishaji ulishuka ukabaki chini, na ndani ya siku 40 asilimia 17 ya kundi hilo walikuwa wameondoka. Makundi mengine yalishirikishwa kupanga namna kazi mpya itakavyofanyika. Hao walirudia kasi yao ya awali upesi, wakaipita, na hakuna aliyeacha kazi. Ila kilichonigusa zaidi ni mwisho wake. Miezi michache baadaye waliobaki wa lile kundi la kwanza, wale waliokuwa wakaidi, walipewa badiliko jingine, safari hii wakishirikishwa kikamilifu. Wakajifunza upesi kama wenzao. Watu walikuwa walewale.

Tuanze na vidonge, kwa sababu vyenyewe havisubiri. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Baba anajisikia mzima, anakunywa mitishamba, kwa hiyo kwa macho yake mitishamba inafanya kazi. Usibishane na ushahidi wake, mwongezee mwingine. Tafuteni kipimo cha nyumbani cha mkono wa juu, ajipime mwenyewe asubuhi na jioni akiwa ametulia, na namba aziandike yeye, kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake. Baada ya wiki moja au mbili daftari hilo liende kwa daktari pamoja na mitishamba yenyewe. Usimtake aiache kwanza ndipo asikilizwe. Daktari anahitaji kuijua, maana ipo mimea inayopandisha shinikizo na ipo inayogongana na vidonge. Ukikaa naye, uliza kuliko kueleza. William Miller, aliyeanza mwaka 1983 kuandika kuhusu namna ya kuzungumza na watu wasiotaka kuacha pombe, alionyesha kwamba mtu huelekea kule anakojisikia akisema mwenyewe. "Baba, ungependa uwe na nguvu za kufanya nini miaka mitano ijayo?" ni swali lenye nafuu kuliko hotuba nzima. Ila jueni mpaka. Uso ukipinda, mkono au mguu mmoja ukilegea ghafla, maneno yakivurugika, kifua kikibana, au kipimo kikifika 180 kwa 120 pamoja na dalili kama hizo au kichwa kuuma vikali na macho kufifia, hapo hakuna mazungumzo tena, ni hospitali saa hiyohiyo. Na bila dalili yoyote, akirudia kipimo baada ya dakika chache na namba ikabaki juu hivyo, wasilianeni na daktari siku hiyohiyo.

Madaftari ni jambo jepesi kuliko unavyoliona, mradi uache kutaka yafe. Mwombe akufundishe kuyasoma. Namaanisha kweli: kaa naye, uulize kila alama, uandike pembeni. Kwake ni heshima, kwenu ni nakala ya siri zote za karakana, na hata msipofika mbali zaidi ya hapo, hofu yako kubwa itakuwa imepungua nusu. Halafu dada yako aanze kuweka rekodi ya pili kwa sehemu moja tu ya kazi, tuseme vifaa vinavyoingia na kutoka, kwa miezi mitatu, huku daftari la baba likiendelea kuwa ndilo la mwisho likitokea tofauti. Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 kuhusu jinsi mambo mapya yanavyoenea, alieleza kwamba jambo linaloweza kujaribiwa kwa kipande na matokeo yake kuonekana kwa macho hupokelewa upesi zaidi. Rogers huyohuyo aliwaweka watu wa mwisho kupokea kwenye asilimia 16, lakini akaonya tusikimbilie kuwalaumu, kwa kuwa mara nyingi jambo jipya ndilo lisilowafaa kwa hali waliyonayo. Muulize baba sharti lake ni nini ili jaribio liendelee. Sharti akiliweka yeye, jaribio linakuwa lake.

La dada yako sitakupambia: huenda asibadilike. Nimeona wazee wakilegea kwenye kila kitu na kubaki kwenye hili hili mpaka mwisho. Lakini kuna mlango ambao hamjaujaribu, nao ni kaka yenu. Yeye ndiye kanuni inampendelea, na yeye ndiye anayesema "tumwache". Kumwacha baba ni rahisi kwa asiyepoteza. Wewe ukimtetea dada, baba atasikia mabinti wakidai. Kaka akisema "baba, sitaki, na anayeweza ni dada", kanuni inakosa mtu wa kuibeba, na baba anapata njia ya kusogea bila kumshtaki babu. Zungumza na kaka kabla ya baba, bila kumzunguka. Jambo jingine ni kutenganisha umiliki na uendeshaji: jina la ukoo libaki pale baba anapotaka, na dada awe msimamizi kwa mkataba ulioandikwa, wenye mshahara na mamlaka yanayotajwa. Hilo si haki kamili, nalijua. Ni bora kuliko miaka mingine ya kazi isiyoandikwa popote. Na muulize dada mwenyewe anataka nini, maana katika barua yako yote sikumsikia akisema neno. Kama hataki kusubiri tena, ana haki ya kwenda kutumia ujuzi wake kwingine, na familia isimwite msaliti. Mwanasheria wa nchini kwenu awaeleze sheria ya mirathi inasemaje, kwa sababu mara nyingine kile kinachosemwa kuwa ni desturi hakina nguvu mbele ya sheria.

Kuna wakati ambapo maneno yangu ya mbali hayatoshi. Kama baba hakuwa hivi, kama ukali na kukaza kumekuja ndani ya miezi au miaka michache, pamoja na kusahau, kurudia maswali, kupotelea njia anayoijua, kukosa haya au huruma aliyokuwa nayo, apelekwe kwa daktari achunguzwe akili na mishipa ya fahamu. Yapo magonjwa ya ubongo ambayo huanza kwa mtu kuwa mgumu kuliko alivyokuwa. Sonona nayo kwa wazee huweza kuja kwa sura ya "sitaki, niacheni". Masikio yapimwe pia. Wazee wengi wanaodhaniwa kuwa wakaidi hawasikii vizuri na wanaona haya kusema. Na ikitokea mila inashikiliwa kwa kipigo, au kwa kumnyima mtoto matibabu au shule, hapo usifuate taratibu yangu ya upole. Tafuta ulinzi wa mtu huyo kwanza, kwa wanaohusika kisheria, na mazungumzo yaje baadaye.

Kuhusu kikao cha mwezi ujao: usiyapeleke yote matatu. Mbele ya watu wengi baba hataamua, atajilinda. Vidonge vibaki kati yake na wewe na daktari. La karakana lisubiri mpaka kaka awe amesema lake kwa baba, wawili peke yao. Kikaoni peleka madaftari tu, tena kama ombi: kwamba unataka kujifunza kuyasoma, na ungependa yeye achague siku ya kuanza.